Heshima Iliyonifuta Kazi

Leo nimepoteza kazi kwa sababu ya kuheshimiwa.

Mnajua mimi huhudumu kwenye hoteli ya samaki hapa ziwani Kisumu. Tena nina mimba kubwa, na miaka yangu arobaini na mbili. (Chekeni tu, hata mimi nilicheka.)

Mchana nikainama kumnawisha mteja, mzee mmoja. Akasimama, akanipokonya jagi.

"Mama, keti. Leo nakunawisha mimi."

Watu wakapiga makofi. Nikajiona malkia!

Walipoondoka, mwenye hoteli akaniita jikoni.

"Mama, wateja wanakuonea huruma. Huruma haiuzi samaki. Enda upumzike."

"Nikijifungua nirudi?"

"Nimeshapata msichana mwingine."

Nikavua aproni, nikaikunja vizuri, nikamwambia asante.

Jamani, niambieni. Asante ya nini?