Jioni Tuliyomnyima Rubani Salamu

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ni mwanamke wa kisirani. Ukimkosea hakugombezi. Anakunyima salamu. Unapita kizingitini kwake, unasema shikamoo, naye anageukia ukutani kana kwamba umepita upepo. Kwetu Bigwa, ambako hata mgomvi wako unamwamkia, adhabu hiyo inauma kuliko fimbo. Mimi mwenyewe nimewahi kununiwa mwezi mzima kwa ajili ya sufuria.

Kila msimu mpunga unapoanza kukomaa tunateremka naye bondeni, chini ya milima, kuamia ndege, tuwafukuze wasile mpunga. Kwelea kwelea wakitua shambani hutawaona mmoja mmoja. Anga lote linashuka, na likiinuka unabaki na mabua. Makopo yetu na kelele zetu wameshazizoea. Kinachotusaidia ni ile ndege ndogo ya kunyunyizia sumu, inayokuja jioni kuwafuata wanakolala, kwenye matete ng'ambo ya mashamba. Ndege ya kuua ndege, ndivyo tunavyoiita. Ilikuwa ikipita juu yetu kwa chini sana, hata niliweza kuona miwani ya rubani, na injini yake ilinitetemesha kifua. Kila mara wanawake wote tulivua kanga mabegani tukampungia, naye akatikisa mabawa, kulia, kushoto. Sijawahi kupewa salamu kubwa kama ile.

Mwaka juzi umeme ukafika. Mafundi walisimamisha nguzo moja nyuma ya mifenesi iliyo kando ya mashamba, nyingine mbali kwenye msitu wa mteremko, na kati yake wakavuta nyaya juu ya bonde zima. Tulishangilia. Haukupita muda tukasahau kwamba zipo, maana ukizitazama na mlima ukiwa nyuma yake unaona kijani tu. Tulizikumbuka kunguru walipotua, kwa sababu tuliwaona wamekaa hewani.

Msimu huo, jioni ndege ilipokuja mara ya kwanza, hakuna aliyewaza nyaya. Rubani alipita juu kwanza, kukagua matete. Ndipo jirani yetu wa shamba akasema, kwa sauti ndogo tu, waya. Sote tukaelewa. Akigeuka atashuka kama kawaida yake, na akishuka atakutana nazo. Tukavua kanga, tukakimbia kwenye kingo za majaruba ya mpunga tukipunga na kupiga kelele, tukimwashiria asishuke. Rubani akatikisa mabawa.

Alidhani tunamsalimia. Mikono ile ile, kanga zile zile; angejuaje? Akageukia kule mlimani akaanza kushuka, chini kuliko miaka yote, ili aijibu vizuri furaha yetu. Nilijua ninamuua kwa kanga yangu, na mikono yangu haikujua kusema neno jingine.

Mama mkubwa yeye alikasirika.

"Tunamwambia, anacheka," alisema. "Basi, asisalimiwe. Kaeni chini, mpeni mgongo."

Hakuna aliyebisha. Si kwamba tulielewa, tumemzoea tu. Tukakaa kwenye tope, kanga mapajani, migongo kwa rubani, na shamba zima likanyamaza. Injini ikaja, ikaja. Nilifumba macho nikisubiri kishindo. Mara sauti ikabadilika, ikawa ya kitu kinachopanda. Nilipogeuka nililiona tumbo jeupe la ndege likiinuka juu ya bonde, na chini yake kunguru wakitawanyika kutoka pale hewani walipokuwa wamekaa. Nililia bila aibu.

Kesho yake rubani alikuja kwa gari pamoja na bwana shamba. Alikuwa kijana, mwembamba kuliko nilivyomdhania. Alimwamkia mama mkubwa, mama mkubwa akatazama pembeni. Yule kijana hakuwa ameona waya wowote. Alikuja kuuliza ametukosea nini. Alisema miaka yote tunampungia, safari hii tumempa mgongo, akaogopa kwamba labda sumu yake ilimdhuru mtu wetu. Kwa hiyo akapanda, asipite karibu na watu wenye uchungu naye.

Mama mkubwa alimshika mkono, akampeleka nyuma ya mifenesi, akamwonyesha nguzo. Kisha akaufuata waya kwa kidole, polepole, mpaka mlimani. Rubani alikifuata kile kidole kwa macho. Kilipofika mwisho alichuchumaa kwenye ukingo wa jaruba.

"Waya sisi marubani hatuuoni, mama," alisema baadaye. "Huwa tunatafuta nguzo, na hizi zimefichwa na miti."

Mama mkubwa alimtazama, kisha akamwitikia ile salamu iliyokuwa ikimsubiri tangu aliposhuka garini.

"Marahaba, mwanangu. Jioni pita juu."

Jioni alipita juu sana, tukamsikia kwa mbali tu. Mama mkubwa alitoka peke yake katikati ya shamba, akavua kanga, akapunga na kupunga, mpaka ndege ikawa ndogo kama kwelea.