Wimbi Chumbani mwa Bi Mwanarusi

Ukipita Shimanzi ukaona lori limebeba bahari mgongoni, jua hiyo ni kazi ya Kamaludin, mchoraji wa malori. Mawimbi yake husimama kama ukuta, povu jeupe pe, kwani picha ya lori huonwa kwa mbali, na dereva wa nyuma lazima ashtuke kidogo.

Basi mamake, Bi Mwanarusi wa Kibokoni, alianguka akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini mwenyewe akagoma kuinuka. Daktari akaonya: asiposimama sasa, miguu itasahau kazi yake. Bibi aliyekuwa hashindi alasiri bila kwenda kuitazama bahari, sasa amebaki na dirisha litazamalo ukuta wa jirani! Kamaludin akasema, mama hawezi kuiendea, basi nayo na ije.

Akamhamishia ukumbini, kule chumbani akachora bahari ukuta mzima mbele ya kitanda. Rangi ilipokauka, akamrudisha. Mama alitazama mara moja tu, akavuta shuka mpaka puani.

"Mwanangu, hili wimbi lanijia!"

"Ni picha, mama."

"La lori huenda zake na lori. Hili lalala nami!"

Nabiha, mkewe Kamaludin, alicheka hata akashikilia mlango. "Mletee boya mamako!"

Kamaludin hakucheka. Jioni ile mama aliupa mgongo ukuta, na uji akaukataa. Mwana akaja, akalaza kichwa kwenye mto, ubavuni mwa mamake, auone ukuta kama mama auonavyo. Lo! Wimbi lilikuwa limewainamia wote wawili.

"Kweli, mama. Latisha."

"Bahari sijapata kuiogopa," mama akasema polepole. "Lakini siku zote nilikuwa na pa kusimama."

Asubuhi Kamaludin alilisukuma wimbi nyuma, likawa linavunjikia miambani. Kisha, kuanzia hapo sakafuni, akachora ngazi za mawe zishukazo hadi majini. Mama akageuka kumsimamia kazi.

"Hiyo ya chini, iguswayo na maji, ina ukijani, mbona waifanya safi?"

"Naja huko, mama."

"Na ya juu, hii ya sakafuni, ipanue. Mimi nyonga yangu mbovu."

Akaipanua. Bi Mwanarusi aliitazama kitambo, akaondoa shuka, akateremsha miguu, mmoja, kisha wa pili.

"Nabiha, nipe mkono, mwanangu. Taratibu, hapo pana utelezi."