Mkeka Nyuma ya Kabati

Nilikosa usingizi nikijiuliza kama nikiutoa mkeka wa marehemu Bibi nitakuwa nimemtoa na yeye. Tangu Mama astaafu ualimu anashinda nyumbani, na sebule yetu ya Rahaleo imejaa mpaka inamchosha.

"Toa chochote, mwanangu," aliniambia. "Hata pa kunyoosha miguu hapana."

Asubuhi niliuvuta mkeka kutoka nyuma ya kabati. Harufu ya ukindu ikanipanda puani, nikawa mdogo tena, nimelala kifudifudi, shavu juu ya mistari ya zambarau. Bibi alikuwa amefika kutoka kijijini kwake Kitaya, kando ya mto, khanga yake ikinukia moshi. Mchana ulikuwa mweupe, wa polepole.

"Bibi, Mto Ruvuma ukihama, na Msumbiji nayo itahama?"

"Wewe mtoto! Unawaza wewe, kichwa kinaniuma mimi. Lala, mto hauondoki bila kukuaga."

Mama alicheka, akajinyoosha ubavuni mwangu, akasinzia kabla yangu.

Niliuegemeza mkeka ukutani. Kisha nikamwita jirani, tukayatoa nje makochi yote mawili. Nikafagia sakafu, nikautandika mkeka katikati.

Mama alifika mlangoni, akatazama, akavua kandambili.