Kituo cha Mshona Kofia

Kidawa amechora ramani za mabasi ya Maskati miaka mingi, na basi lenyewe hakuwahi kulipanda. Ana gari lake. Asubuhi hutoka nalo kwake Azaiba, akaliegesha juani mbele ya ofisi, Hamriya. Mganga hajigangi, tulimtania sisi jamaa zake, naye alicheka, zamani zile alipokuwa akicheka.

Ramani yake ya kwanza ilifuata kila kona ya mlima, ikafanana na tambi zilizomwagika. Ya pili aliinyoosha mistari, akaitia rangi, akasifiwa. Lakini katika zote mbili, pale Darsait, palikuwa na nukta iliyoandikwa "Mshona Kofia". Duka la mshona kofia lilikwishafungwa siku nyingi. Ndivyo tulivyo: tunamwelekeza mtu kwa kitu kisichokuwepo tena, kisha tunamshangaa akipotea. Jina lile Kidawa alilitoa kinywani mwa mama yake, Bi Mastura, aliyekuwa akipandia hapo kwenda Matrah kwa dada yake.

Bi Mastura alifariki mfungo mosi, mwezi ule wa Idi. Kidawa alipokea watu, akawamiminia kahawa, khitma ikasomwa, akarudi kazini. Hakulia. Alisema amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa.

Sasa wanachora ramani ya tatu. Hisham, mkubwa wake, alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Bi Kidawa, hiki cha Darsait tukitoe. Wamehesabu abiria, hapandi mtu. Au wewe unamjua anayekitumia?"

Lilitakiwa jina moja tu, la mtu aliye hai. Angeweza kusema, "Mimi." Wazo hilo lilimjia, akalitazama, likapita.

"Simjui," alisema, akaifuta nukta. Mstari ukaungana, hata alama haikubaki.

Jioni aliliacha gari, mwenyewe hajui kwa nini, akapanda basi la Matrah, upande ambao si wa kwake kabisa. Alikaa nyuma ya dereva. Walipofika Darsait hakubonyeza kengele, wala hakuna mwingine aliyebonyeza. Basi likapunguza mwendo, likasimama penye duka lililofungwa. Mlango ukafunguka. Nje hapakuwa na mtu.

"Unamngoja nani?" Kidawa alimuuliza dereva. Aziz lilikuwa jina lake, limeandikwa kifuani, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani.

"Kuna bibi hapa, miguu yake mibovu. Nikiwa na haraka hawahi. Siku nyingi sijamwona, lakini nnamngoja kidogo kila nikipita. Abiria wananigombeza."

"Amekufa," alisema Kidawa. "Mama yangu huyo."

Neno hilo hakuwa amelitamka bado. Watu wengine ndio waliokuwa wakilisema. Lilimtoka, na kilio kikafuata nyuma yake, kikubwa, cha kuaibisha, abiria wote wakamtazama.

"Inna lillahi," alisema Aziz. Aliuacha mlango wazi, joto likaingia, na hakuna aliyemgombeza.