Vigelegele Vyangu Siku Baraka Alipoitwa Ligi Kuu

Ninyi vijana wa nyumba hii, na ninyi wengine mtakaosoma hii kwenye simu, kaeni vizuri. Naandika mwenyewe. Shule yangu ilikuwa fupi, kwa hiyo msitegemee maneno ya mapambo. Nimesikia mnasimulia safari yangu ya Amerika saluni na kwenye foleni ya taxi, kila mtu na yake. Mimi ndiye niliyekwenda. Sikilizeni yangu.

Nilisafiri kwa sababu ya Baraka, mjukuu wangu niliyemlea hapa Cato Manor, Durban, mimi koko yake, yaani bibi. Mnajua alivyoanza. Tumbili walikuwa wanaingia jikoni kuiba mkate, yeye anawafukuza kwa machungwa, na machungwa yake hayakukosa. Mwalimu wake akamwingiza besiboli, mchezo wa Waamerika. Mmoja anarusha mpira, mwenziwe anasimama na gongo anajaribu kuupiga. Akikosa mara tatu, anatoka. Baraka ndiye mrushaji. Wakamchukua huko kwao, wakamlipa, lakini kwenye timu ndogo ya mji mdogo, na miaka ikapita.

Mwaka huu akanipigia. "Koko, nimechoka. Wasiponiita ligi kuu msimu huu, naacha, narudi."

"Unarudi kufanya nini?"

"Sijui, Koko."

Sauti ile sikuipenda. Nilikuwa na viza ya kumtembelea, basi nikaanza kufunga mizigo. Sikwenda kumbembeleza. Nilikwenda kumtazama usoni akiniambia maneno hayo.

Kabla ya kuondoka nilipita soko la Warwick nikanunua ndagala wakavu na unga wa muhogo. Furaha, dada yake Baraka, alisema, "Koko, samaki watakuletea maneno kule." Nikamwambia mimi nimevuka mipaka mingi kuliko yeye na duka lake la simu.

Tulipotua Amerika, askari wa forodha alifungua sanduku, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, hii ni nini?"

"Chakula cha mtoto."

"Mtoto ana umri gani?"

"Ishirini na tano."

Alicheka mpaka akamwita mwenzake. Lakini alichukua ndagala. Unga aliniachia. Furaha, usicheke, endelea kusoma.

Huko mji mdogo, Baraka amepanga chumba kwa mjane mmoja, Mama Linda, mama mnene mwenye mbwa wawili wanaolala juu ya kiti kama wageni. Alinipokea vizuri, tena alinipa jiko lake bila kunisimamia, na hiyo ni heshima kubwa. Baraka alikuwa amekonda. Nilimtazama usoni, akatazama sahani. Basi nikajua kweli amechoka, si mchezo.

Asubuhi moja nasonga ugali, yeye amekaa mezani, simu yake ikalia. Akasikiliza. Akasema "ndiyo" tu, ndiyo, ndiyo. Halafu akateremka kwenye kiti akakaa sakafuni, mtu mrefu hivyo, katikati ya mbwa.

"Koko, wameniita."

"Nani? Polisi?"

"Ligi kuu! Mrushaji wao mmoja ameumia. Naondoka sasa hivi."

Mama Linda akapiga yowe, mbwa wakabweka. Mimi nikaweka sahani sakafuni pale pale alipokaa. "Kula kwanza. Ligi kuu haijakimbia."

Alikula huku analia. Kisha akaniambia jambo zima. Yule aliyeumia atapumzika siku chache tu, akipona Baraka atarudishwa chini. Na kuitwa si kucheza. Wengine huitwa, hukaa benchi, hurudishwa bila kugusa mpira, wala hawaitwi tena. Yeye alikwenda kwa ndege. Mimi na Mama Linda tukafuata kwa gari lake.

Njiani tulipita mashamba ya mahindi mpaka macho yakachoka. Mashamba yale hayana mtu. Nilimuuliza Mama Linda nani anapalilia, akasema mashine. Nikauliza nani basi anaiba mahindi mabichi ya kuchoma, akasema hakuna. Eish, nchi nzima! Yeye aliimba nyimbo za kanisani kwao, mimi za kwetu, na jioni tukafika mji mkubwa wenye mto, ambako timu ya Baraka ilikuwa imekwenda kucheza ugenini.

Siku ya kwanza hawakumgusa. Siku ya pili pia. Nilimwona kwa mbali amekaa na wenzake kwenye benchi, anatafuna mbegu za alizeti kama kuku. Siku ya tatu, mchana wenye jua, ndiyo ilikuwa ya mwisho. Aliyeumia alikuwa amepona, kesho anarudi. Timu ya Baraka ilikuwa inapigwa vibaya, watu wengine wameanza kuondoka. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia kwenye ndege ya kurudi Durban.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akatoka anakimbia. Jina letu likatangazwa uwanja mzima, wamelitamka vibaya, lakini ni letu. Mama Linda akanishika mkono mpaka vidole vikaniuma.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mnapoongeza chumvi.

Baraka akarusha mpira wake wa kwanza. Yule wa gongo akaupiga. Mpira ukapanda juu, ukapanda, mweupe, mzuri kabisa, ukapita juu ya ukuta ukaangukia kwa watu. Uwanja mzima ukasimama, ukapiga kelele kwa furaha. Na kwetu mnajua. Mtoto akifanya jambo mpaka kanisa zima likasimama, aliyemlea ndiye anayetangulia kwa vigelegele. Ukinyamaza, watasema una kinyongo naye. Nikasimama. Nikafungua kitenge changu cha juu nikakipeperusha, nikapiga vigelegele kwa nguvu zote Mungu alizonipa.

Watu wakakaa. Mimi bado napiga.

Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, mwenyeji wa pale, akageuka. "Mama, wewe ni wa kwetu?"

"Mimi ni koko wa yule anayerusha!"

Akaniangalia kwa huruma. "Mama, huyo amepigwa. Hilo ni pigo baya kuliko yote."

Mama Linda alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanacheka. Nikakaa. Nikajifunga kitenge changu sawasawa, nikatazama mbele kama mtu aliyekuwa na sababu zake.

Lakini Baraka alikuwa amegeuka kututazama. Alikuwa anacheka. Pale katikati, mbele ya umati wote ule, amevua kofia, anacheka kabisa. Akaivaa tena. Mpigaji wa pili akakosa mara tatu, akatoka. Wa tatu akakosa, akatoka. Wa nne aliupiga juu ukadakwa, naye akatoka. Yule mzee akageuka tena, akanipa karanga zake zote na mfuko wake.

Baadaye, nje ya uwanja, nikamuuliza Baraka kilichomchekesha.

"Koko, mpira ulipovuka ukuta nilijua nimekwisha. Mkono ulikuwa mgumu kama mti. Halafu nikasikia wewe. Nikasema, huyu amekosea kabisa, anafurahi mimi napigwa! Nikacheka, mkono ukalegea."

"Kesho wanakurudisha chini?"

"Wananirudisha."

"Na sisi tunarudi Durban?"

"Wewe rudi, Koko. Mimi nina kazi."

Alinitazama usoni alipokuwa anasema. Hicho ndicho nilichokwenda kutafuta. Nilijifunza kwamba kijana akipigwa mbele ya watu hafi. Anakufa akidhani kwamba amebaki peke yake pale.

Nikarudi. Furaha alinipokea na nyumba imejaa, watu wa kanisa kwenye viti, watoto kwenye mkeka, video ya Baraka tayari kwenye televisheni. Ikaanza. Mpigaji anakosa, anatoka. Mwingine anatoka. Wa mwisho anadakwa. Watu wakapiga makofi.

"Furaha, iko wapi ile ya mwanzo?"

Akaninong'oneza sikioni. "Nimeikata, Koko. Ni aibu ya Baraka. Na ya kwako kidogo. Sauti yako inasikika, hata watangazaji wanauliza ni nani."

Nikasimama mbele ya televisheni.

"Irudishe. Watoto, sogeeni mbele mwone kaka yenu anavyopigwa. Na mimi nikianza vigelegele, mtu asiguse sauti."