Laptop Ndani ya Gunia Lililolowa

Nianze na aibu yenyewe, ili usije ukaisikia kwa watu wengine. Mimi ndiye nilichukua laptop ya dada yangu, nikaizungushia gunia lililolowa maji, nikailaza chini karibu na mtungi kama maziwa yanayongoja gari la asubuhi. Nilifanya hivyo mchana peupe, nikiwa na akili zangu zote. Hata nilikuwa napiga mluzi.

Wacha nijitetee kidogo. Mimi ni mtu wa posho mill, mashine ya kusaga unga. Mashine yetu iko bondeni, huku upande wa Kathiani, na injini yake ni ya dizeli, baba alituachia. Hiyo injini ikisaga masaa matatu bila kupumzika inaanza kunuka, na ukiweka mkono unautoa mbio. Dawa yake baba alinifundisha nikiwa mdogo. Humwagii maji, kwa sababu chuma moto kikimwagiwa maji baridi kinapasuka. Unazima, unalowesha gunia, unalikamua kidogo, unalizungusha pale palipo na moto, halafu unaenda kupiga stori na akina mama walio kwa laini mpaka ipoe. Zaidi ya miaka kumi nimefanya hivyo na injini haijawahi kunikataa. Kwa hivyo mtu kama mimi akiona kitu kina moto, mkono unaenda kwa gunia peke yake. Kichwa kinafuata baadaye, kikipenda.

Shule nilifika form two. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha, huwa nawaambia kemia ilinikataa tukaachana kwa amani, bila watoto. Wanacheka, na mtu akishacheka haulizi tena. Ukweli ni kwamba baba alifariki muhula wa pili, na mashine haiwezi kujisagia yenyewe. Dada yangu wakati huo alikuwa darasa la nne. Kuna mtu alikuwa abaki bondeni na kuna mtu alikuwa aendelee, na kati yetu wawili, yeye ndiye alikuwa anapenda vitabu. Mimi nilikuwa napenda tu kengele ya saa kumi.

Basi akaendelea. Akafika chuo, akafika mwaka wa mwisho, akaambiwa aandike ripoti kubwa ndiyo amalize. Akachagua kuandika vile watu wa kwetu wanaweka mahindi yao, kwa nini mengine yanaliwa na dumuzi na mengine yanakaa mpaka msimu ule mwingine. Nusu ya maswali ya hiyo ripoti ni mimi niliyauliza. Mama yeyote akileta mahindi ya kusaga, namuuliza: haya umeweka majivu ama dawa ya duka? Aliyeleta mahindi ya kukobolewa muthokoi naye hakupona. Walinishangaa sana. Mmoja aliniuliza kama siku hizi nafanya kazi na serikali.

Kila likizo alikuwa anakuja nyumbani kuandika na laptop aliyopewa na jamaa yetu mmoja, kuukuu, nzito kama tofali, betri yake ilishakufa kwa hivyo bila kuchomeka kwa stima ilikuwa ni sahani tu. Stima ilikuwa imefika kwa nyumba mwaka uliotangulia, ingawa bondeni haikushuka. Mwaitu, yaani mama yetu, akaitandikia ile laptop kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha kuwekea wageni, na kila jioni dada yangu alikuwa anakaa hapo kwa meza anapiga herufi.

Na mimi nilikuwa nakaa kando yake. Nikifunga mashine napanda mlima moja kwa moja, hata sioshi uso, nakuja nikiwa mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu, navuta stuli. Nilikuwa nainama karibu kabisa nione vile maneno yanatoka. Akimaliza ukurasa ananipa nisome. Alikuwa anasema kama mimi nimeelewa, mwalimu wake hana kisingizio. Nilijifanya nimetukanwa, lakini hakuna kitu nilikuwa nangojea kama huo ukurasa. Siku nzima nasaga nikiuwaza.

Shida ni kwamba ile laptop ilikuwa na homa. Ikikaa nusu saa, feni yake inaanza kulia kama pikipiki inapanda mlima wa Iveti, chini panashika moto wa kupasha chapati, halafu inazima, pu. Dada yangu anangoja, anawasha tena. Mara nyingine maneno ya mwisho yanakuwa yamepotea anarudia. Alikuwa na brashi ndogo ya rangi, ya mpini mwekundu, kwa mfuko wa kalamu. Nilimuuliza kama siku hizi chuo kinafundisha kuchora. Akasema ni ya vumbi, akaiweka haraka.

Jumapili moja, zikiwa zimebaki siku tano apeleke ripoti, laptop ikazima mara nne kabla ya saa sita. Kama hangepeleka Ijumaa, ilikuwa ni arudi mwaka mwingine mzima, na hiyo kazi yote ilikuwa humo ndani, hajatoa hata karatasi moja. Akang'oa waya, akaniambia, "Hii iache ipoe. Usiiguse." Halafu wakaenda na Mwaitu kwa jirani aliyekuwa na matanga.

Nikabaki na yeye, hiyo laptop. Nasema yeye kwa sababu nilimwonea huruma kama mgonjwa. Nikaweka mkono: moto. Nikawaza vile dada yangu atarudi akute imepoa kabisa, baridi kama soda, aniulize nimefanya nini, na mimi niseme hata nyinyi watu wa chuo kuna vitu hamjui. Nilitaka sana kuisema hiyo sentensi. Nikaenda nikachukua gunia.

Walirudi kama saa tisa. Mwaitu ndiye aliona kwanza. Akauliza ni nini nimelaza hapo chini kama mtoto mwenye malaria. Dada yangu alipiga magoti akafungua gunia polepole. Maji yalitoka kwa ile mianya ya pembeni, si mengi, lakini yalitoka, na hayakuwa maji masafi. Yalikuwa meupe meupe. Akaipangusa na leso, akaigeuza, akaishika hivyo kwa muda. Nilingoja anitukane. Ningejua la kufanya na matusi, nina majibu mengi ya matusi. Akakaa kwa stuli yangu, akaangalia ukuta.

Nilianza kusema kitu cha kuchekesha. Hakikutoka.

Jumatatu asubuhi niliifunga kwa shuka nikaipeleka Machakos mjini, kwa rafiki yangu mmoja tuliyekaa naye deski moja hiyo form two yangu ya mwisho. Yeye alimaliza, akajifunza kutengeneza redio, halafu simu, halafu kompyuta zilipokuja akazipokea pia. Ana kaduka kadogo karibu na saluni. Nilimweleza kila kitu, hata gunia. Alicheka mpaka mwenye saluni akaja kuchungulia kama kuna mtu anaumwa.

"Ilikuwa imewashwa?" akauliza alipopata pumzi.

"Hapana. Dada alikuwa ameing'oa kwa stima."

"Na betri ilikufa zamani. Basi shukuru betri mbovu, mzee. Ingekuwa nzima ungeichoma wewe mwenyewe."

Nilishangaa jinsi alijua habari ya betri, lakini nilikuwa na woga mwingi sana wa kuuliza maswali. Akaifungua, skrubu moja moja, akaipanga kwa gazeti. Alipofika kwa feni aliniita nione. Kulikuwa na kitu cheupe, kizito, kimeziba yale matundu yote ya kutoa joto, na juu yake nyuzi nyuzi za kitambaa cha Mwaitu. Akachota kidogo na ncha ya bisibisi akaniwekea kwa kiganja.

"Huu si uji?" nikamuuliza.

"Ni uji. Unga ulikuwa humo kitambo, wewe umeleta maji. Sukari tu ndiyo umesahau."

Niliangalia kiganja, halafu nikaangalia shati langu. Nilikuwa nimevaa la kazini. Mikunjo ya mikono yote ilikuwa na unga, kola ilikuwa na unga. Sikuhitaji form three kuelewa. Hakukuwa na mtu mwingine kwa ile nyumba aliyeingia mweupe kila jioni na kuinamia ile mashine akiipumulia. Mimi ndiye nilikuwa nimeipa homa, halafu mimi ndiye nikaja kuitibu na gunia.

Rafiki yangu alirudi kwa kazi. Aliazima draya ya nywele kwa saluni, akakausha kila kipande, mwenye saluni akilalamika ana mteja mwenye kichwa kimelowa. Akasafisha feni, akaacha vitu vyote vilale wazi siku nzima na usiku. Nililala kwa jamaa yetu mjini, yaani nilijilaza. Jumanne mchana akaibonyeza. Ikakaa kimya kidogo, halafu ikawaka, na ripoti ya mahindi ilikuwa humo, kila ukurasa, hata ule wa majivu ambao nilikuwa nimeelewa vizuri zaidi.

Kutoka siku hiyo nilikuwa naoga bondeni kwanza, na sabuni, nabadilisha shati, halafu nikifika kwa nyumba nakaa mlangoni. Laptop ikawekwa juu ya vipande viwili vya ubao ili ipumue, kitambaa kikarudi kwa wageni. Dada yangu aliniita nisogee nisome. Nikamwambia naona tu vizuri kutoka hapa. Ilikuwa uongo, sikuona hata herufi moja. Alhamisi alitoa karatasi kwa cyber huko mjini, na Ijumaa akapeleka. Alipita.

Baada ya wiki kadhaa nilimpelekea rafiki yangu debe la muthokoi, kwa sababu alikataa kabisa nimlipe. Tulikaa nje ya kaduka tukinywa chai. Nikaanza ile stori ya gunia, nilikuwa nimeshaitengeneza vizuri, imekuwa tamu, nina mahali pa kunyamaza na mahali pa kuruka. Hakucheka. Alisubiri nimalize, halafu akaniambia kitu ambacho tangu siku hiyo sijawahi kukifanyia mzaha.

"Hiyo laptop nilikuwa nimeifungua kabla yako," akasema. "Dada yako aliileta likizo ile nyingine, inazima zima. Nilimwonyesha unga. Nikamwambia dawa ni rahisi, mwambie ndugu yako akae mbali kidogo. Akakataa. Akaniuliza kama niko na brashi ndogo naweza kumuuzia, awe anaisafisha asubuhi ukishaenda kazini. Nikamwambia, msichana, hii mashine itakufia na kazi yako yote. Akasema, 'Huyo mwache akae hapo.'"