Niliomba Ruhusa ya Dawa, Wakanipata na Firimbi

Admin, usiweke jina langu, na kijiji pia usitaje, sema tu ni upande wa Kyuso. Watu wa hapa kwetu wanafuata huu ukurasa wako sana na mimi bado naishi nao.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa tatu chuo kikuu. Semista hii masomo yetu mengi yako kwa simu, kwa hivyo mama alipovunjika mguu nilirudi nyumbani. Tuko wawili tu. Na kabla mtu aanze kuniambia ati vijana wa siku hizi ni wavivu, wacha niwaambie siku yangu. Naamka, napeleka punda kuchota maji, napika chai, namsaidia mama kuoga, nafungulia mbuzi, halafu ndio nakuwa mwanafunzi. Jioni nikipata nafasi nachezesha mpira. Mimi ni refa. Nilianza mwaka wa kwanza kwa mchezo tu, lakini saa hii nikikaa wiki bila kupuliza firimbi nasikia miguu ikiniwasha.

Sasa huku kwetu tuko na mwethya. Kina mama wanaungana, wanavuna shamba la huyu leo, kesho la yule, mpaka wamalize wote. Kila nyumba inatoa mtu mmoja. Nyumba yako ikikosa kutoa mtu, shamba lako linarudishwa nyuma ya foleni. Na ndengu hazingojei mtu. Zikikauka sana maganda yanapasuka yenyewe, zinamwagika chini, na hapo ni kuku wanakula. Hizo ndengu ndizo chakula chetu na ndizo karo yangu.

Jumamosi moja nilikuwa na kila kitu pamoja. Mwethya asubuhi kwa Mama Mwende, ambaye ndiye mwenyekiti. Dawa za mama za kuchukua sokoni. Mechi jioni, na nilikuwa nimeahidi timu zote mbili. Halafu insha ya chuo ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo, na hata aya moja sikuwa nimeandika. Nikaona nitaweza. Nikafunga simu ndani ya kitambaa cha kichwa, nikawa nachuma ndengu huku naisema insha polepole, simu inaandika yenyewe. Kina mama wakanitazama. Mama Mwende akasema, "Huyo mchumba unayemwongelesha Kizungu tangu asubuhi, mwambie aje achume na sisi." Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, lakini roho ilikuwa juu juu, naangalia jua tu.

Mchana nikaomba ruhusa. Nikasema naenda kumchukulia mama dawa. Na haikuwa uongo, dawa nilienda nikachukua. Mambo ya mgonjwa hakuna mtu anakukataza, Mama Mwende hata alinipa maziwa nimpelekee. Kile sikusema ni kwamba nikitoka sokoni sirudi shambani.

Kiwanja chetu kiko kando ya barabara. Kina mama walipomaliza kuvuna wakapita hapo wakienda nyumbani, wakasimama kidogo, kwa sababu kijana wa Mama Mwende ndiye kipa wa timu moja. Wakanikuta katikati ya uwanja na kaptula, dawa za mama mfukoni, nimetoka tu kupuliza penalti. Dhidi ya huyo kijana wake. Na ilikuwa penalti, alimshika mtu mguu, hata yeye anajua. Mama Mwende hakupiga kelele. Aliniangalia, akaweka gunia lake kichwani vizuri, akaenda. Mpaka leo sijui kosa langu kubwa ni dawa ama ni penalti.

Insha niliituma kabla ifungwe. Lakini nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshaambiwa. Alipokea dawa akaziweka kando. Akasema, "Hawa watu wamekuja kuniona kila wiki tangu nianguke. Wewe umechukua mguu wangu ukaenda nao kucheza." Aki hayo maneno yaliniuma. Nilitaka kumjibu, nimwambie kwani mimi ni mashine, nikaona uso wake nikaenda kufungia mbuzi.

Tulirudishwa nyuma ya foleni. Kila siku mama anakaa mlangoni na mguu juu ya stuli, na jua likikolea tunasikia maganda yakipasuka kule shambani, tap, tap. Mimi nachuma peke yangu ninavyoweza, lakini shamba ni kubwa. Juzi nikaenda kwa Mama Mwende nikamwomba msamaha. Akanisikiza mpaka mwisho. Akasema, "Tutakuja Jumamosi hii. Lakini tukupate shambani, na tukuache shambani. Ukitoka, na sisi tunatoka."

Jumamosi hii ndio kuna mtihani wa marefa Kitui mjini. Nimeungoja tangu mwaka wa kwanza. Ukipita unaanza kuchezesha mechi za ligi, na mwaka huu hakuna mwingine.

Jana insha ilirudi. Ilikuwa kuhusu jamii kushirikiana katika maendeleo. Nimepita vizuri sana, na lekchara ameandika chini kwamba inaonekana haya mambo nimeyaishi. Nilimsomea mama nikidhani atacheka. Hakucheka. Nikamwambia basi kuhusu mtihani wa Kitui. Akasema, "Nenda." Neno moja tu, na alikuwa anaangalia shamba.

Ndugu zangu, sijalala vizuri. Nishaurini. Niende, ama nibaki? Na tafadhali msiniambie nitafute mtu wa kunishikia nafasi shambani. Hawataki mtu, wanataka mimi.